Al-Khwarizmi, Mwanazuoni wa Tarakimu na Mirathi

Mwezi wa Julai baridi ya Nyeri haina mzaha na mtu aliyezaliwa penye minazi. Nilikwenda Gakindu, upande wa Mukurwe-ini, kumjulia hali mpwa wangu anayesomesha huko, na jioni ya kwanza nilikaa kando ya jiko la makaa nimejitanda blanketi kama mgonjwa wa homa. Nje ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya kahawa. Mezani, mbele yangu, binti yake alikuwa akipambana na kazi aliyopewa na mwalimu wake wa hesabu, nayo ni kuandika nambari kwa tarakimu za Kirumi.

Zile ndogo alikwisha zimaliza. Alijua kwamba I ni moja, V ni tano, X ni kumi, L ni hamsini, C ni mia, D ni mia tano na M ni elfu. Alijua kwamba herufi ndogo ikitangulia kubwa hupunguzwa, na ikiifuata huongezwa. Mwaka wa uhuru wetu, 1963, aliuandika MCMLXIII bila kusita. Hata alama ya wafalme aliielewa, kwani watoto wa Nyeri husimuliwa jinsi Elizabeth alivyofika huko Februari 1952 akiwa binti mfalme, akalala Treetops, na baba yake akafariki usiku ule ule kwao Uingereza, naye akaondoka Kenya akiwa malkia mwenye alama ya II.

Basi akataka kujipima nguvu. Akachukua hesabu ya watu wote wa Kenya kama ilivyotolewa katika sensa ya 2019, yaani watu 47,564,296, akaanza kuiandika kwa herufi za Kirumi. Akaandika M, na M nyingine, na nyingine, mpaka ukurasa ukajaa. Nilipomwambia kwamba angehitaji M 47,564 kabla hajafika kwenye mamia, aliweka kalamu chini akanitazama kama niliyemdhulumu.

Nikamweleza kwamba Warumi nao walitatizika hivyo hivyo. Pliny, mwandishi wao wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba wazee wao wa kale hawakuwa na jina la hesabu inayopita laki moja. Waliotaka kutaja zaidi walisema laki mara kadhaa. Katika maandishi wakabuni hila mbili. Herufi ikichorwa mstari juu yake huzidishwa mara elfu. Ikichorwa mstari juu na vijistari viwili vya ubavuni, kama mlango usio na kizingiti cha chini, huzidishwa mara laki. Kwa hivyo watu wa Kenya wataandikwa CDLXXV ndani ya mlango, kisha LXIV chini ya mstari, kisha CCXCVI peke yake. Ukizisoma kwa Kiswahili ni laki 475, elfu 64, na 296.

Mjukuu wangu alifurahi, lakini mimi nilikumbuka kisa ambacho hakifurahishi. Livia, mjane wa Kaisari Augusto, alikufa mwaka wa 29. Katika wasia wake alimwachia Galba, kijana aliyempenda, sesta milioni 50, nazo zilikuwa fedha za Kirumi. Kiasi hicho kilikuwa kimeandikwa kwa alama, hakikuandikwa kwa maneno. Tiberio, mwanawe Livia na mrithi wake, akashikilia kwamba alama ile yasomeka laki tano tu. Tazama jinsi ilivyo. D ndani ya mlango ni 500 mara laki, na D chini ya mstari mtupu ni 500 mara elfu. Tofauti ni vijistari viwili vya ubavuni. Suetonius, aliyekisimulia kisa hiki, anasema kwamba hata hizo laki tano Galba hakuzipata.

Hapo mtoto akaniuliza kama tarakimu zetu za kila siku nazo ni za Wazungu. Alidhani ndivyo, kwa kuwa alizikuta katika vitabu vya Kizungu. Nikamwambia avute kiti, kwani jawabu lake ni maisha ya mtu mzima, na mtu huyo alikuwa Mwislamu aliyeketi Baghdad.

Jina lake ni Muhammad bin Musa, na nisba yake, Al-Khwarizmi, yaonyesha asili ya Khwarazm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Alizaliwa kiasi cha mwaka wa 780, na ujana wake uliangukia zama za Harun Rashid, yule yule ambaye wasomaji wangu wamemzoea katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa katika zama za Khalifa Al-Maamun, mwana wa Harun, aliyetawala tangu 813 hadi 833.

Baghdad wakati huo ulikuwa mji mchanga. Al-Mansur, babu yake Harun, ndiye aliyeanza kuujenga mwaka wa 762. Lakini elimu ilikuwa ikiingia humo kama majahazi yaingiavyo bandarini wakati wa kaskazi. Vitabu vya Kiyunani vilitoka Rumi ya mashariki, vya Kiajemi vilitoka Khurasan, na elimu ya nyota ya Kihindi ilikuwa imefika katika baraza ya Al-Mansur mwenyewe. Al-Maamun alikuwa na hazina kubwa ya vitabu iliyoitwa Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima. Ibn al-Nadim, aliyeandika katika karne ya kumi orodha mashuhuri ya vitabu vya Kiarabu, anamtaja Al-Khwarizmi kuwa mtu aliyejitenga kwa kazi katika hazina hiyo, na kwamba watu waliyategemea majedwali yake ya nyota.

Mambo ya nyumbani kwake hatukurithi. Tulichorithi ni vitabu. Alitunga zij, yaani majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari, kwa kufuata njia ya Wahindi. Alitunga kitabu cha sura ya ardhi, chenye mahali 2,402 pamoja na urefu na upana wa kila pahali. Nakala ya kitabu hicho ya mwaka wa 1037 iko Strasbourg, Ufaransa, na ndani yake mna ramani ya mto Nile. Mtu wa Afrika Mashariki akiitazama ataona kwamba zaidi ya miaka elfu iliyopita wanazuoni walikuwa wakijishughulisha kujua maji ya Misri yanatoka wapi huku kwetu.

Lakini vilivyomfanya ajulikane duniani kote ni vitabu viwili vya hesabu, na mimi nitavishikilia hivyo.

Cha kwanza kilihusu hesabu ya Wahindi. Wahindi walikuwa wamepata jambo ambalo Warumi hawakulipata wala Wayunani. Walitumia alama tisa tu, na alama moja zaidi ya kuonyesha mahali patupu. Thamani ya alama hutegemea pale ilipokaa. Tano ikikaa mwisho ni tano, ikisogea nafasi moja ni hamsini, ikisogea mbili ni mia tano. Mahali palipo patupu huwekwa kiduara kidogo. Waarabu waliita sifr, maana yake kitupu, nasi tukasema sifuri. Al-Khwarizmi hakudai kwamba jambo hili ni lake. Aliwapa Wahindi haki yao waziwazi, kisha akafundisha hatua kwa hatua jinsi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa tarakimu hizo.

Hapa ndipo ilipo tofauti na zile za Kirumi. Mrumi alipotaka kuzidisha hakutumia herufi zake. Alitandaza ubao, akapanga vijiwe kama mtu anayecheza bao, akavisogeza huku na huku, na jibu lilipopatikana ndipo akaliandika kwa herufi. Herufi zilikuwa za kuhifadhi tu. Tarakimu za Kihindi zilifanya kazi zote mbili, kwa kuwa ile ile iliyoandikwa ndiyo iliyohesabiwa. Mtu aliweza kurudi nyuma akaona mahali alipokosea, na mwenziwe akaweza kumkagua.

Nisije nikaonekana nawacheka Warumi. Sisi tuliosoma chuoni zamani tulifundishwa abjadi. Alif ni moja, be ni mbili, jim ni tatu, dal ni nne, ye ni kumi, qaf ni mia, mpaka ghain ambayo ni elfu. Hiyo nayo ni hesabu ya herufi, na ikifika elfu inakwisha pumzi kama ile ya Kirumi. Wanafalaki wa Kiislamu waliendelea kuitumia katika majedwali yao miaka mingi baada ya Al-Khwarizmi. Desturi haiondoki kwa sababu kitu bora kimefika.

Kitabu cha pili ndicho kilichozaa neno aljebra. Alikiandika katika utawala wa Al-Maamun, na anasema kwamba Khalifa ndiye aliyemtia moyo atunge kitabu kifupi cha mambo ambayo watu huyahitaji, kama vile mirathi, wasia, kugawana mali, mashtaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Al-jabr kwa Kiarabu ni kurudisha kilichovunjika, na anayeunga mifupa huitwa mjabbiri. Katika hesabu, kilichopunguzwa upande mmoja hurudishwa, na upande wa pili huongezwa kadiri ile ile, ili mizani isimame.

Wengi wanaolitaja neno aljebra hawajui kwamba karibu nusu ya kitabu kile ni mas-ala ya wasia na mirathi. Mtu amekufa, ameacha hawa na hawa, na ameusia kadha wa kadha. Je, kila mmoja apate nini? Sheria imekwisha pangwa katika Sura ya Nisaa. Kilichobaki ni hesabu, na humo ndimo yatima anamonusurika au kupotea.

Nilimpa mjukuu wangu mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni. Kinachobaki, thumuni saba, hugawanywa mafungu matano, kila mwana wa kiume mawili na binti moja. Tafuta hesabu inayogawanyika kwa nane na kwa tano, utapata arobaini. Mke huchukua 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Jumlisha, utapata 40 kamili. Mtoto alirudia kujumlisha mara mbili akaona hapana kilichopotea. Nikamwambia kwamba huko kukagua ndiko alikokutaka Al-Khwarizmi.

Na sasa ajabu yenyewe. Katika kitabu hicho cha aljebra hamna alama za hesabu kama za leo, na hata nambari zimeandikwa kwa maneno. Mtu aliyewafundisha watu tarakimu tisa na sifuri, alipoandika kuhusu haki za warithi aliandika thuluthi, robo, arobaini kwa maneno kamili.

Sifa zisitufanye tumfanye malaika. Wakuu wa zama zile waliwataka wanafalaki watabiri pia. At-Tabari, katika tarikh yake, anasimulia kwamba Khalifa Al-Wathiq alipougua mwaka wa 847 aliwakusanya wanajimu, na jina la Al-Khwarizmi limo miongoni mwao. Wakatazama nyota, wakampa Khalifa miaka hamsini zaidi ya maisha. Alikufa baada ya siku kumi. Hesabu ni elimu, lakini ajali ni siri ya Mola. Al-Khwarizmi mwenyewe alifariki kiasi cha mwaka wa 850. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Vitabu vyake vilisafiri kuliko yeye. Mwaka wa 1145, huko Segovia, Hispania, Mwingereza aliyeitwa Robert wa Chester alikifasiri kile cha aljebra kwa Kilatini. Kile cha tarakimu pia kilifasiriwa katika karne hiyo, na ni bahati, kwa sababu nakala ya Kiarabu imepotea. Nakala moja ya Kilatini iko Cambridge, na mnakili wake, maskini, hakuzizoea alama mpya. Sehemu nyingi aliandika kwa tarakimu za Kirumi, na penye kutakiwa tarakimu za Kihindi akaacha mapengo. Kitabu kilichokuja kuziondoa herufi za Kirumi kikavishwa herufi hizo hizo.

Jina lake liliandikwa Kilatini Algoritmi, na humo likazaliwa neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua unaoendesha kompyuta na simu tunazotembea nazo. Kila kijana wa Lamu au Mombasa anayesomea kazi ya kompyuta analitaja jina la Al-Khwarizmi kutwa mara kadhaa bila kujua kwamba anamtaja mtu. Warusi walimkumbuka mwaka wa 1983 kwa stempu yenye sura yake, katika kuadhimisha miaka 1,200 tangu kuzaliwa kwake.

Ulaya haikuzipokea tarakimu mpya kwa siku moja. Leonardo wa Pisa, ambaye baba yake alikuwa na kazi ya forodha Bugia, pwani ya Algeria, alijifunza huko akiwa kijana, na mwaka wa 1202 akatunga kitabu kikubwa cha kuzieneza kwa wafanyabiashara. Lakini mwaka wa 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu za daftari kwa tarakimu hizo. Iliwapasa waandike kwa maneno. Hofu haikuwa ya ujinga, kwani sifuri mtu huipa mkia ikawa sita au tisa, na moja iliyoongezwa sifuri mwishoni inakuwa kumi. Tarakimu za Kirumi zilimpokonya Galba mali yake, nazo hizi mpya katika mikono miovu zingeweza kufanya vile vile.

Hilo nalijua kwa jamaa zangu. Bibi yangu mzaa baba alipewa hiba na babu yake, minazi katika shamba la urithi, na ikaandikwa karatasi kwa tarakimu za Kiarabu. Katika tarakimu hizo sifuri ni nukta. Karatasi ilikaa sandukuni miaka, mende wakaila pembeni, wino ukafifia. Siku ya kugawana, mzee mmoja wa ukoo aliisoma minazi 20. Bibi alisema alisikia kwa masikio yake kwamba ni 200. Nukta moja ilikuwa imekwenda na mende, au haikuwako tangu mwanzo, na shahidi wa mwisho alikwisha zikwa. Bibi alichukua minazi 20, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukadumu mpaka kaburini. Nilikuwa mtoto, nami ndiye niliyekuwa nikimwangushia madafu ya minazi ile, kwa hivyo naijua idadi yake bila karatasi.

Ndiyo sababu napenda kumkumbuka Al-Khwarizmi kwa vitabu vyake viwili pamoja, wala si kwa kimoja. Kimoja chafundisha njia nyepesi na ya wazi ya kuandika hesabu yoyote, hata ya watu wa nchi nzima, kwa alama kumi ambazo mtoto huzijua kabla ya kuota meno ya pili. Cha pili chakumbusha kwamba hesabu ni haki ya mtu, na haki huandikwa kwa maneno, mbele ya mashahidi. Benki zetu zafanya hivyo hivyo. Anayeandika hundi hutakiwa aandike kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, ili kimoja kikiharibika cha pili kishuhudie. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata penye daftari, mali yaweza kupotea kwa nukta moja.

Asubuhi ya pili jirani, mzee wa Kikikuyu mwenye mibuni yake, alikuja kutuamkia. Mpwa wangu alimsimulia mazungumzo yetu ya usiku. Mzee alisikiliza, kisha akarudi kwake akaja na kopo la bati lenye stakabadhi za kahawa aliyopeleka kiwandani, kila moja na kilo zake, zimepangwa kwa miaka. Akamwomba mjukuu wangu azijumlishe za msimu ule. Mtoto alikaa chini kwenye jua, blanketi langu mabegani mwake, akazipanga tarakimu safu kwa safu, moja chini ya moja, makumi chini ya makumi. Alipomaliza alikagua tena kutoka chini kwenda juu. Kisha, bila kuambiwa na mtu, chini ya jumla ile akaiandika tena kwa maneno.